Piza ya Halali Kisumu: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuagiza

Piza si chakula kigeni kwetu Pwani. Miaka ya 1960 wataalamu wa Kitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na baada yao wakaja watalii, wenye hoteli na wapishi. Leo Malindi utamkuta kijana wa Kigiriama anayezungumza Kitaliano sawasawa, na tambi na piza vinauzwa mtaa mmoja na viazi karai.

Kisumu ni habari nyingine. Mji ule haukuwahi kuwa na Wataliano wengi. Piza imefika huko kupitia hoteli kubwa na mikahawa ya chakula cha haraka yenye matawi Nairobi na miji mingine. Na watu wetu wako huko: wanafunzi wa Maseno, wafanyakazi wa serikali na mashirika, wafanyabiashara wa samaki, na wanaosindikiza wagonjwa hospitali. Swali lao ni moja: mtu akitamani piza nzuri Kisumu, ale wapi na moyo wake utulie?

Kutaja jina la mkahawa mmoja hakutoshi. Mpishi huhama, mwenye duka huuza, na bei ya jibini ikipanda, inayonunuliwa hubadilika. Lililo bora ni kujua kuitambua piza nzuri na kujua la kuuliza.

Uzuri wa piza uko kwenye unga

Piza ya asili yatoka Napoli, kusini mwa Italia, na mwaka 2017 UNESCO iliutambua ufundi wa wapishi wa mji huo kuwa urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Mkate wake ni unga wa ngano, maji, chumvi na hamira, basi. Siri ni muda. Mama anayejua mahamri hahitaji kufunzwa hili: unga ulioachwa ukaumuka taratibu huwa mwepesi na wenye ladha, na ulioharakishwa huwa mzito tumboni. Napoli huuacha saa nane au zaidi, kisha piza huingia kwenye tanuri la kuni lenye joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, na ikaiva kwa dakika moja au moja na nusu.

Oveni za gesi na za umeme hazifiki joto hilo kwa kawaida, kwa hiyo piza yake hukaa muda mrefu zaidi na hutoka ngumu kidogo. Hiyo si kasoro kubwa. Kasoro ni mkate ulionunuliwa ukiwa tayari umeganda barafuni. Muulize mhudumu: unga mnaukanda hapa hapa? Kisha tazama sahani za wenzako. Ukingo ulioinuka wenye madoa ya kuungua ni dalili njema. Ukingo uliolala, mweupe kama chapati mbichi, achana nao. Jibini nayo ina dalili zake: mozarela huyeyuka ikavutika, na ile ya kuigiza, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, huacha mafuta juu na ladha ya plastiki mdomoni.

Haramu isiyoonekana

Hapa ndipo penye uzito kwa Muislamu. Wengi hudhani wakikataa nyama ya nguruwe iliyoandikwa wazi kwenye menyu, wamesalimika. Jikoni ya Kitaliano haiko hivyo.

Salami na peperoni kwa asili hutengenezwa kwa nguruwe, au nguruwe na ng'ombe pamoja. Nchini kwetu ipo peperoni ya ng'ombe tupu, lakini jina pekee halikuambii ni ipi. Tambi za karbonara hupikwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Rojo ya bolonyeza, ile ya nyama ya kusaga inayotiwa pia kwenye lazanya, kwa mapishi ya asili hutiwa mvinyo. Tiramisu mara nyingi huwa na pombe, na panakota hugandishwa kwa jelatini, ambayo yaweza kuwa ya nguruwe. Jibini kavu ya parmesani halisi hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, na wanazuoni wametofautiana iwapo ndama huyo hakuchinjwa kisheria. Hilo muulize shekhe wako.

Na hata ukiagiza ya mboga, kuna kisu na sinia. Mkahawa unaopika nguruwe na kuku kwenye oveni moja, ukakata piza zote kwa kisu kimoja, haujakupa halali uliyoikusudia. Mtume (S.A.W.) ametufunza kujiepusha na yenye shaka, na shaka nyingi huondoka kwa swali moja.

Kisumu utafute wapi

Anza katikati ya mji, kandokando ya Barabara ya Oginga Odinga na kwenye majumba ya maduka kama West End, United Mall na Mega Plaza. Ukiona cheti cha halali ukutani, kisome. Kenya ina mashirika yanayotoa vyeti hivyo, likiwemo Kenya Bureau of Halal Certification. Tazama jina la tawi na tarehe ya mwisho. Cheti cha tawi la Nairobi hakiitakasi jikoni ya Kisumu, na kilichopitwa na wakati ni karatasi tu.

Hoteli za Milimani na za ufuoni huenda zikawa na piza nzuri zaidi, ila nyingi huuza pombe na baadhi hupika nguruwe. Huko uliza kwanza, tena umuulize mpishi mwenyewe. Njia nyingine ni mikahawa ya Wahindi wasiokula nyama kabisa. Kisumu ina jamii ya Wahindi tangu reli ilipofika mwaka 1901, na jikoni isiyo na nyama yoyote imekuondolea nusu ya maswali.

Waulize wenyeji pia. Ukimaliza swala kwenye Msikiti wa Jamia, au ukipita Kaloleni (ya Kisumu, si ya Kilifi), Waislamu wa huko watakwambia nani anachinja vipi na jikoni gani imebadilika mwezi uliopita.

Usisahau ziwa

Ukikosa uhakika wa nyama, kuna piza ya nyanya, jibini na rihani, ile iitwayo Margherita, na hiyo ndiyo kipimo cha mpishi kwa sababu haina pa kuficha makosa. Au omba samaki. Mbuta wa Ziwa Viktoria husafirishwa minofu kwenda Ulaya, na Italia ni mojawapo ya nchi zinazomla. Basi ni ajabu piza ya Kisumu kuwekwa samaki wa kopo kutoka mbali ilhali mbuta yuko Dunga, mwendo mfupi kutoka mjini. Samaki hana suala la kuchinjwa. Mpishi akimkaanga kidogo na kitunguu saumu na ndimu, kisha akamweka juu ya mkate moto, utakula kitu ambacho hata Malindi hukipati.

Vijana wetu walioko mbali na nyumbani huona haya kuuliza mbele ya wenzao wa chuo au wa kazini, wakaogopa kuitwa washamba. Kuuliza si ujinga. Anayelipa ndiye mwenye haki ya kujua anacholishwa, na mkahawa wenye heshima hujibu bila kununa. Ukiona mhudumu anababaika au anakasirika, hilo nalo ni jibu. Inuka taratibu, nenda ufuoni ukale ngege na ugali, na piza itangoja siku nyingine.