Ukianguka peke yako nyumbani, nani atajua?

Chukua mfano wa mama wa miaka 74 anayeishi peke yake mtaani Ngoingwa, mjini Thika. Watoto wake wote wamekwisha kuoa na kuolewa. Mmoja anafanya kazi Nairobi, mwingine anaishi Ruiru, wa tatu yuko ng'ambo. Saa kumi na moja alfajiri mama huyu anaamka kwenda msalani, anateleza kwenye sakafu yenye maji na kuvunjika nyonga. Simu yake iko chumbani, kando ya kitanda. Mlango wa chuma ameufunga kwa kufuli kwa ndani. Anaita, lakini redio ya jirani ina sauti kubwa kuliko yake. Yule mwana wa Ruiru humpigia simu kila Jumapili, na leo ni Jumanne.

Je, mama huyu atalala pale sakafuni kwa muda gani?

Msomaji, swali hili si la kutisha watu bure. Siku hizi wazee wengi mijini hawaishi tena katika boma lenye wajukuu wanaoingia na kutoka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi 490,120 na Thika 251,407. Lakini mtu anaweza kuishi katikati ya umati huo, ukuta kwa ukuta na wenzake, na asijulikane kama ameamka au la. Wala hatari hii si ya wazee pekee. Mfikirie mwanafunzi mwenye kifafa anayekaa peke yake katika chumba cha kupanga huko Juja, au kijana mwenye kisukari anayejidunga insulini katika ploti moja ya Kihunguro. Hao nao wanaweza kuzirai na mlango umefungwa.

Saa za sakafuni

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu takriban 684,000 hufariki kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani. Wanaofariki zaidi ni wale waliopita umri wa miaka 60.

Wengi hudhani kwamba madhara yote huja wakati ule ule mtu anapogonga chini. Sivyo. Mara nyingi kinachomuumiza mgonjwa zaidi ni zile saa anazolala pale pale bila msaada. Misuli iliyokandamizwa na uzito wa mwili hukosa damu, huanza kuharibika na kumwaga sumu katika damu. Sumu hizo huenda kwenye figo na zinaweza kuzifanya zishindwe na kazi. Ngozi ya makalio, visigino na mabega huanza kufanya vidonda. Mwili hukauka kwa kukosa maji. Na katika baridi ya Julai, sakafu ya saruji humnyonya mzee joto la mwili hata kama amejifunika leso.

Uchunguzi mmoja uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2008 uliwafuatilia watu 110 waliozidi umri wa miaka 90 kwa mwaka mzima. Watu 66 kati yao walianguka. Kati ya hao 66, watu 53 walishindwa kuinuka wenyewe angalau mara moja, na 20 walilala sakafuni kwa saa moja au zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi walikuwa na kitufe cha kuitia msaada, lakini hawakukitumia. Mtu aliyezirai hawezi kubonyeza chochote. Mwingine amekivua na kukitundika ukutani. Mwingine anaona haya kusumbua watu.

Kengele ya mwizi iliyogeuzwa

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kengele isiyongoja kubonyezwa. Labda umewahi kukiona kile kijisanduku cheupe kinachowekwa pembeni mwa dari katika benki na maduka, chenye kataa kadogo kekundu. Kazi yake ni kutambua mwendo wa mtu. Mwizi akiingia usiku, kengele inalia kwa sababu kuna kitu kinachosogea.

Kengele ya kumlinda mgonjwa hutumia kijisanduku hicho hicho, lakini hesabu yake imegeuzwa. Ya mwizi hulia mtu anaposogea. Hii hulia mtu anapokosa kusogea.

Kijisanduku hakipigi picha. Kila mwili hutoa joto, na joto hilo husafiri kama mwanga usioonekana kwa macho. Mtu akipita, kijisanduku huhisi joto likihama kutoka upande mmoja hadi mwingine, nacho hupeleka habari kwa mashine ndogo yenye saa ndani yake. Kila mtu anaposogea, saa hiyo huanza kuhesabu upya. Ikipita muda uliopangwa bila mwendo wowote, kwa mfano saa tatu za mchana, mashine kwanza hutoa mlio ili mwenye nyumba aonyeshe kwamba yu salama. Akibonyeza kitufe au akipita tu mbele yake, mambo yanaisha. Akikosa kujibu, mashine ambayo ina laini ya simu kama ile iliyo katika simu yako hupeleka ujumbe au kupiga simu kwa watu waliopangwa, mmoja baada ya mwingine.

Kuna aina nyingine inayovaliwa mkononi kama saa. Hii hutambua mshtuko wa ghafla wa kuanguka unaofuatwa na utulivu. Kampuni ya Apple iliweka uwezo huo katika saa zake kuanzia mwaka 2018. Mvaaji akianguka kwa kishindo na kutosogea kwa kama dakika moja, saa huanza kuomba msaada. Ila saa haifai kitu ikiwa imeachwa kwenye chaji, na wengi huivua wanapokwenda kuoga, mahali ambapo ndipo wanapoteleza.

Na kuna ubunifu mwingine unaofaa kutajwa kwetu sisi wapenzi wa chai. Mwaka 2001 kampuni ya Kijapani ya Zojirushi ilitoa birika la umeme linalowaarifu jamaa wa mzee jinsi anavyolitumia kuteka maji ya chai. Siku ambayo birika halikuguswa, jamaa wanajua kuna jambo. Somo hapa ni kwamba mtu hutambulika kuwa yu hai na mzima kwa mazoea yake ya kila siku.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kuweka kengele ya namna hii, chunguza mwenendo wa mwenye nyumba kwa wiki mbili hivi. Huamka saa ngapi? Hulala mchana? Usiku huenda msalani mara ngapi? Muda ukipangwa mfupi mno, kengele italia kila anaposinzia kitini, na baada ya wiki moja ataizima kwa hasira. Ukipangwa mrefu mno, atakaa sakafuni saa nyingi kabla ya mtu kujua.

Kijisanduku kimoja hakitoshi nyumba nzima, kwa kuwa hakioni kupitia ukuta wala kioo. Weka chumbani, jikoni na kwenye njia ya kwenda msalani. Kisielekezwe kwenye dirisha lipigwalo na jua. Kumbuka pia kwamba joto la mabati la mwezi Februari linaweza kukipumbaza, kwa sababu chumba kikikaribia joto la mwili, tofauti inakuwa ndogo. Paka anayeruka juu ya meza naye anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwenye nyumba.

Stima ikipotea, mashine iwe na betri yake. Laini ya simu iwe na pesa za kutosha kila wakati. Mwenye nyumba akisafiri, kengele izimwe, na akirudi iwashwe. Mara moja kwa mwezi ijaribiwe, kwa kukaa kimya makusudi mpaka ilie.

Usimfiche mzazi wako jambo hili. Muulize kwanza, umweleze inavyofanya kazi na ni akina nani watakaopigiwa simu. Mzee anayewekewa mitambo bila kuulizwa huona kama amefungwa jela katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kamera chumbani au bafuni ni kumvunjia heshima, na kwa kazi hii haihitajiki.

Fahamu pia kwamba kengele hii ina mipaka. Moyo ukisimama kabisa, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, na kengele inayongoja saa tatu haitasaidia. Kadhalika moshi wa jiko la makaa lililoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa huua kabla kengele haijalia. Dawa yake ni kutolala na jiko ndani.

Nani atafungua mlango?

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Wananunua mashine na kuandika namba ya mtoto aliye ng'ambo. Kengele inalia, naye anapigiwa simu usiku wa manane huko aliko, hana la kufanya ila kulia.

Anayepigiwa simu kwanza awe mtu anayeweza kufika kwa miguu: jirani, mlinzi wa lango au mwangalizi wa ploti. Baadaye ndipo aitwe jamaa wa Ruiru au Nairobi. Hata barabara kuu ya Thika, pamoja na upana wake, ina msongamano wa jioni usiojali kwamba mama yako ameanguka.

Kisha kuna suala la kufuli. Milango yetu ya chuma imetengenezwa kuzuia wezi, lakini humzuia pia mwokozi. Mwenye nyumba akitia kufuli kwa ndani, hata jirani mwenye ufunguo hawezi kuingia. Badilisha kufuli hiyo kwa kitasa kinachofunguka pande zote mbili, na ufunguo wa pili uachwe kwa mtu mmoja anayeaminika.

Usipoweza kununua

Mashine si lazima. Panga na mzazi wako kwamba kila asubuhi saa moja atakupigia simu iite mara mbili kisha akate. Haigharimu hata senti moja. Isipoita kufikia saa mbili, wewe mpigie, na asipojibu mpigie jirani. Au jirani wawili waishio peke yao wakubaliane kufungua pazia la dirisha fulani kila asubuhi. Pazia likikaa limefungwa, mwenzake anabisha hodi. Wahudumu wa afya ya jamii, wanaozuru nyumba mitaani, nao waelezwe ni nyumba gani ina mzee au mgonjwa anayekaa peke yake.

Mzee naye abebe simu ndogo mfukoni, au avae filimbi shingoni. Filimbi husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyechoka. Akianguka na asiweze kuinuka, ajikokote hadi penye zulia au blanketi ajifunike, na awe akigeuza mwili kila mara ili misuli isikandamizwe upande mmoja.

Ukimkuta ameanguka

Usimvute kumwinua kwa haraka. Mwite kwa jina, uone kama anajibu na anapumua. Kama hapumui, anza kumbonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga simu 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao hupatikana kwa namba 1199.

Kama mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Usimsimamishe. Kama uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki au maneno hayaeleweki, hicho ni kiharusi. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwani madaktari wataiuliza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa katika saa nne na nusu za mwanzo, tena baada ya kupigwa picha ya ubongo. Usimpe chakula wala chai. Mfunike apate joto.

Na hata akiinuka na kusema amepona, ikiwa alilala chini kwa saa nyingi mpeleke hospitali, iwe Thika Level 5 au iliyo karibu nawe. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo zi hatarini.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na serikali. Basi leo jioni, kabla hujalala, jiulize kuhusu yule mzazi, shangazi au mpangaji wa chumba cha mwisho: asipoamka kesho, ni nani atakayejua, na itakuwa saa ngapi? Kama huna jibu, anza na ile simu ya saa moja asubuhi.