Je, Wajua? Wimbo Unalindwa Kabla Haujafika Studio

Je, wajua kuwa mwalimu wa kwaya pale Iyula, wilayani Mbozi, akimaliza kutunga wimbo usiku huu, sheria inaanza kumlinda usiku huuhuu? Hadaiwi muhuri, ada wala nauli ya Dar es Salaam. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa kule kubuniwa kwake tu. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kujiwekea ushahidi. Msiudharau, lakini: siku wimbo unapozagaa kwenye simu za watu bila jina lako, cheti ndicho kitakachokusemea.

Je, wajua wimbo mmoja una wenyewe kadhaa? Mtunzi ana hakimiliki. Waimbaji na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki. Kwaya nyingi huumia hapa. Wanachangishana, wanakwenda kurekodi, wanarudi na flashi moja, na hakuna karatasi hata moja inayosema nani ataupakia wimbo mtandaoni na nani atapokea malipo. Rekodi inaweza kuwa ya mtayarishaji. Maneno na sauti zilizotungwa ni za mtunzi, mpaka atakapoziuza au kuziruhusu yeye mwenyewe. Andikianeni kabla hamjavaa vipokea sauti.

Je, wajua sheria hiyo ya 1999 ilitungwa enzi za kaseti? YouTube ilianza mwaka 2005, miaka sita baadaye. Tangu hapo sheria imewekwa viraka, na kiraka kimoja kipo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24: kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kuvunja haki ya mbunifu ni kosa la jinai.

Mtazame kijana wa kibanda cha kuingizia nyimbo kwenye simu: kompyuta mpakato, waya, kisomea memori kadi, na folda zimepangwa vizuri kabisa, Injili, Singeli, Bongo Fleva, Zambia. Mteja analeta simu, anaondoka na nyimbo mia. Kijana huyo ni hodari na ana familia ya kulisha. Kinachoniuma ni kwamba tunamngoja askari ndiye awe mtu wa kwanza kumweleza habari ya leseni.

Je, wajua Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi hakina hakimiliki, ila picha uliyokipiga inayo? Jiwe limetoka angani, halina mtunzi. Picha ina mtunzi, naye ni wewe. Kampuni ikiitaka kwa tangazo lake, iombe.

Je, wajua ngoma na ngano za Wanyiha wa Mbozi nazo zina ulinzi? Sheria ya 1999 inazihesabu kuwa sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Wazee wengi hawajawahi kuambiwa hili.

Je, wajua ukivuka Tunduma kuingia Nakonde umeingia chini ya sheria nyingine? Zambia ina sheria yake ya mwaka 1994. Hata hivyo nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Berne, Tanzania tangu 1994, kwa hiyo wimbo wa Iyula unaopigwa ndani ya basi la Lusaka unastahili ulinzi uleule anaopewa Mzambia. Na Zanzibar? Ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA.

Je, wajua mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru wanamuziki AY na Mwana FA walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa nyimbo zao kutumiwa kama miito ya simu bila ridhaa yao? Shauri likaendelea kwenye rufaa. Mwaka 2023 Mwana FA, Hamis Mwinjuma, aliteuliwa naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa.

Je, wajua Kenya iliandika mgawo wa miito ndani ya sheria? Marekebisho ya 2022 yanampa mwenye wimbo asilimia 52 au zaidi. Natamani namba ya namna hiyo isomeke wazi kwenye sheria yetu.

Je, wajua ulinzi una mwisho? Ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Mshairi Shaaban Robert alifariki mwaka 1962; kwa hesabu hiyo muda wa kazi zake ulitimia 2012.

Na je, wajua sheria yenyewe haina hakimiliki? Matini ya sheria za nchi haimilikiwi na mtu. Nendeni stesheneri, toeni kopi, muisome kifungu kwa kifungu kabla ya mazoezi ya kwaya Jumamosi.