Encina Si "Mwaloni Hai"

Swali hurudi kila tafsiri ya Kihispania inapopitia Kiingereza: encina si ndiyo "mwaloni hai"? Hapana, na kosa hili limezoeleka mno. Anayeandika hivyo hakuuangalia mti. Amechukua neno la Kiingereza, "live oak", akalihamisha lilivyo. Wasemaji wa Kiingereza waliuita mti huo hai kwa sababu majira ya baridi, mialoni mingine ikiwa imepukutika na kubaki matawi matupu, wenyewe hubaki wa kijani. Ile mingine haijafa. Joto likirudi huchipua upya. Msomaji wa Kiswahili akikuta "mwaloni hai" atadhani mti uliosimama unatofautishwa na gogo lililokatwa, na maana imeshapotea.

Wala si kweli kwamba encina haidondoshi majani kamwe. Hudondosha, ila si yote kwa mkupuo: jani laweza kudumu miaka miwili au zaidi, hivyo mti hauachwi mtupu.

Wahispania wenyewe hutenganisha. Mwaloni unaopukutika ni roble. Encina ni ule wa Extremadura na Andalusia, wenye majani madogo magumu, ambao matunda yake huwanenepesha nguruwe wa Iberia. Utofauti huo ulivuka bahari hadi California. Mwaka 1769 msafara wa Mhispania Gaspar de Portolá ulipofika bonde linaloitwa leo San Fernando, uliliita kwa jina la Santa Catalina na la encinos zilizoota humo; mtaa wa Encino, Los Angeles, ungali na jina hilo. Kaskazini zaidi uko mji wa Paso Robles, unaotaja ile mialoni mingine. Ukitafsiri yote mawili kwa "mwaloni" mtupu, umefuta kile hasa walichokiona waliotoa majina.

Basi afanyeje mfasiri? Neno mwaloni lisiogopwe, wasomaji wa Biblia wanalijua tangu mialoni ya Mamre. Kwa encina ya Hispania, aandike "mwaloni wa kijani mwaka mzima". Meksiko husemwa encino, na humo huingia mialoni ya aina nyingi, kwa hiyo jina la kisayansi litafutwe kwanza. Roble ya huko yaweza kuwa mti wa Tabebuia rosea, ambao si mwaloni kabisa. Encinar au encinal ni msitu wa miti hiyo. Majina ya mahali na ya ukoo, kama Encinitas na Encinas, yaachwe yalivyo.