Jina la Ukoo Halimtaji Mama

Mtu akijitambulisha kwa jina la Massawe, Swai, Lema, Mtui au Shirima, hata akiwa Mwanza au Dar es Salaam, wenzake hujua mara moja kwamba asili yake ni Kilimanjaro. Katika makabila yetu mengi, jina la mwisho la mtoto ni la baba au babu, nalo hubadilika kila kizazi. Kwa Wachagga, jina la ukoo hudumu.

Asili yake ni ardhi. Ukoo ulikaa upande mmoja wa mlima, na kihamba kilirithiwa na watoto wa kiume. Kwa hiyo jina lilitaja pia mahali: Swai na Lema husikika sana Machame, Mtui Marangu, Shirima Rombo. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1890, na Walutheri Machame mwaka 1893. Katika madaftari ya ubatizo na ya shule, jina la ukoo likapata nafasi ya mwisho, baada ya jina la ubatizo na la baba.

Baadaye vihamba vilijaa, watoto wakatawanyika mijini. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kwetu kuuliza kabila. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.8 mkoani Kilimanjaro, lakini haielezi wangapi ni wa ukoo upi, wala wangapi wa koo hizo wanaishi mbali.

Hapo ndipo panapotuhusu sisi akina mama. Kwa desturi, watu wa ukoo mmoja hawaoani, na jina limekuwa mlinzi mzuri. Lakini mlinzi huyo hutazama upande wa baba tu. Dada wawili wakiolewa, mmoja kwa akina Massawe na mwingine kwa akina Shirima, watoto wao wana bibi na babu mmoja lakini majina tofauti. Wakikutana chuoni, ni nani atakayewaambia?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza ndoa kati ya ndugu wa tumbo moja, na kati ya mtu na mjomba au shangazi yake. Watoto wa dada wawili haiwataji. Nasi wauguzi twajua kwamba ndugu hao huweza kurithi kasoro ileile iliyojificha katika damu. Wengi wa watoto wao huzaliwa wazima, ila hatari huongezeka. Wazazi wote wawili wakibeba chembe ya selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Basi tununue daftari. Tuandike koo nne: za babu na bibi wa upande wa baba, na za babu na bibi wa upande wa mama. Tuandike na kijiji walikotoka, pamoja na maradhi yanayojirudia katika ukoo: sukari, shinikizo la damu, saratani ya matiti. Tuwasomee watoto kabla hawajafikia umri wa uchumba. Na siku binti anapoleta mchumba, tusiishie kuuliza, "Ni mtoto wa nani?" Tuulize pia, "Mama yake ametoka ukoo gani?"