Mfano Hufafanua, Hauthibitishi

Kazi mojawapo ya kada ni kueleza siasa ya Chama kwa watu, na mara nyingi huifanya kwa mifano. Husema kwamba taifa ni familia, kwamba kiongozi ni mzazi, au kwamba umaskini ni adui anayepigwa vita. Wasikilizaji hukubali, na kada huondoka akiamini kwamba amewashawishi. Hatuna budi kujiuliza: je, amethibitisha jambo, au amelifananisha tu? Swali hili si la walimu wa lugha peke yao. Ni swali la siasa, kwa sababu mlinganisho mbaya ukiota mizizi katika fikra za viongozi huzaa vitendo vibaya.

Kulinganisha ni kuchukua jambo ambalo watu wanalijua na kuliweka kando ya lile wasilolijua, ili la kwanza liwasaidie kulielewa la pili. Lakini mambo mawili yanayofanana si jambo moja. Yangekuwa jambo moja, kusingekuwa na haja ya kuyalinganisha. Kwa hiyo kila mlinganisho una sehemu mbili: sehemu ya mfanano na sehemu ya tofauti. Mwenye hoja hutuonyesha ile ya kwanza. Wajibu wetu ni kuitafuta na ile ya pili.

Mfano mkubwa katika historia ya nchi yetu ni neno ujamaa lenyewe. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha kueleza msingi wa ujamaa wa Kiafrika. Hakuanza na viwanda vya Ulaya, ambavyo mkulima wa Tanganyika hakupata kuviona. Alianza na jamaa: watu wanaoishi pamoja, wanaogawana walicho nacho, na wasiomwacha mzee au mgonjwa afe njaa. Tena alikumbusha kwamba jamaa hiyo haikuwa kimbilio la wavivu, maana wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa njia hiyo mkulima alielewa mara moja kwamba ujamaa una haki zake na wajibu wake. Hii ndiyo thamani ya mlinganisho mzuri. Humfanya msikilizaji aanze kufikiri kutokana na maisha yake mwenyewe, badala ya kukariri maneno ya kigeni.

Miaka mitano baadaye, katika waraka wa Ujamaa Vijijini wa 1967, Mwalimu alifanya jambo ambalo kila kada yampasa kujifunza. Aliurudia mlinganisho wake akaukagua. Alieleza wazi kwamba jamaa ya jadi ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni hali ya wanawake, ambao walibeba mzigo mkubwa wa kazi bila kupewa usawa. Ya pili ni umaskini: watu walikuwa sawa, lakini kwa kiwango cha chini mno. Kwa hiyo alitaka misingi ya jamaa ichukuliwe, na kasoro zake ziachwe. Hapo mlinganisho ulikuwa mtumishi wa hoja, haukuwa bwana wake.

Lakini si kila kiongozi aliufanyia ukaguzi kama huo. Katika familia kuna ndugu na ndugu, na kuna mzazi na mtoto. Kiongozi aliyeshika upande wa undugu alikwenda kwa wananchi kujadiliana nao. Aliyeshika upande wa mzazi aliwaona wananchi kuwa watoto, ambao huamriwa kwa faida yao wenyewe. Waraka wa 1967 ulisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari. Hata hivyo, katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini. Shabaha ya kuwafikishia shule, maji na zahanati ilikuwa njema, lakini mahali pengine watu walilazimishwa, nyumba zikavunjwa au kuchomwa moto, na wakulima wakawekwa mbali na mashamba yao.

Hatusemi kwamba makosa hayo yaliletwa na mlinganisho peke yake. Tunasema kwamba mlinganisho wa mzazi uliweza kumpa mkosaji kisingizio. Ungekaguliwa, udhaifu wake ungeonekana upesi. Mtoto hamchagui mzazi wake, wala hawezi kumwondoa. Kiongozi huchaguliwa na huondolewa. Mtoto hana uzoefu. Mkulima anaijua ardhi yake kuliko ofisa aliyefika jana. Na kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa 1971 kilikuwa kimekwisha kuonya juu ya viongozi wenye majivuno na dharau kwa wanaowaongoza.

Uko mtego mwingine, nao ni wakati. Mwaka 1963 Mwalimu alitetea mfumo wa chama kimoja kwa kusema kwamba vyama viwili visivyotofautiana katika mambo ya msingi huigeuza siasa kuwa mchezo wa mpira. Hoja hiyo ilikuwa na sharti: kwamba tofauti si za msingi. Kuanzia 1990 Mwalimu mwenyewe aliwahimiza wananchi waujadili upya mfumo huo. Tume ya Nyalali ikaundwa 1991, na vyama vingi vikaruhusiwa kisheria 1992. Aliyekuwa ameshika mpira tu hakuwa na la kusema. Aliyekuwa ameshika sharti aliweza kuuliza kama bado linatimia.

Kwa hiyo kada anapotumia mlinganisho, au anapousikia kwa mwingine, ajiulize maswali matatu. Kwanza, mambo haya mawili yanafanana katika nini hasa? Pili, yanatofautiana katika nini? Tatu, uamuzi tunaotaka kuufikia unategemea ule mfanano, au umejificha ndani ya tofauti? Ikiwa unategemea tofauti, mlinganisho utupwe, hata kama unapendeza masikioni. Na hata ukipita maswali yote matatu, bado ushahidi unadaiwa: hali halisi ya mahali, hesabu, na maoni ya watu wenyewe.

Mwananchi anayesimama mkutanoni na kusema, "Ndugu kiongozi, hapo mfano wako haufanani," hapingi Chama. Anakisaidia kufikiri. Kada mwema humsikiliza, kwa sababu mfano ukikosewa, anayelipa gharama ni yule aliyeambiwa ahame.