Nionyeshe kwa Kidole

Mama anaingia, anakaa taratibu, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Nikimuuliza anasumbuliwa na nini, ananijibu kwa neno moja: mgongo. Hapo huwa siandiki kitu. Namwomba asimame, anigeuzie huo mgongo, kisha namwambia, "Hebu nionyeshe kwa kidole, mama."

Kidole hicho ndicho kipimo cha kwanza katika chumba changu cha fiziotherapia, na hakina bei. Mmoja hukiweka kwenye kile kishimo kilicho juu kidogo ya kalio. Mwingine hujitahidi kufika katikati ya mgongo, karibu na mkanda wa sidiria. Wa tatu hutazama kwanza kama mlango umefungwa, ndipo aguse kifandugu. Na yupo asiyeweza kuonyesha kwa kidole kabisa: hutumia kiganja kizima, akakiteremsha kutoka kiunoni hadi nyuma ya paja. Wote wanne wamesema mgongo. Lugha yetu ina kiuno, ina nyonga, ina kifandugu ambacho wengine hukiita kitokono, lakini mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe maneno yote hayo humezwa na moja.

Neno moja nalo huzaa jibu moja. Kwa wanawake wengi wa mijini jibu hilo ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Nimewapokea waliokwisha kumeza dozi tatu nne za antibayotiki kwa maumivu ambayo hayakuwahi kupita karibu na figo. Maambukizi yanapofika kwenye figo huja na homa, baridi ya kutetemeka, kichefuchefu, na maumivu ya upande mmoja chini ya mbavu ambayo hayajali umelala au umesimama. Mara nyingi mkojo nao huchoma. Mgongo unaotulia ukijilaza ubavu na kurudi ukiinama kupiga deki una habari nyingine.

Habari hiyo inaanzia kwenye umbo. Kiuno kina pingili tano, na upinde wake wa kuingia ndani hutokana na pingili zilizochongoka kama kabari. Mwaka 2007 Katherine Whitcome na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba kwa mwanamume upinde huo umegawanywa juu ya pingili mbili za chini, na kwa mwanamke juu ya tatu. Sababu waliyoitoa ni mimba. Tumbo linapokua, uzito wote unavutwa mbele, na mama huegemea nyuma ili asipoteze mizani. Upinde uliosambaa juu ya pingili tatu humwezesha kuegemea hivyo bila kuzikandamiza mno. Kwa hiyo mgongo wa mwanamke si ule wa mwanamume uliopunguzwa kipimo. Umejengwa kwa kazi nyingine, na kazi ina gharama.

Karibu nusu ya wajawazito huumwa mgongo. Wapo, takriban mjamzito mmoja kwa kila watano, ambao kidole chao huenda pale pale kwenye kishimo juu ya kalio, au mbele kwenye mfupa wa kinena. Hao tatizo lao si mgongo, ni mshipi wa nyonga: viungo vinavyofunga mifupa ya nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Utawajua kwa malalamiko yao. Kugeuka kitandani ni mateso, kupandisha mguu kwenye daladala ni mateso, kuvaa nguo ya ndani kwa kusimama mguu mmoja hakuwezekani. Lawama zote hupewa homoni inayolegeza kano, ila wingi wa homoni hiyo haulingani na ukali wa maumivu. Nyonga huchoshwa zaidi na mzigo unaoangukia upande mmoja. Ndiyo maana nafuu yake huonekana kama mambo madogo: kuvaa umeketi, kubana magoti pamoja unapogeuka kitandani, mto katikati ya magoti usiku, hatua fupi. Mkanda unaofungwa chini, usawa wa nyonga na si juu ya tumbo, huwasaidia baadhi kwa muda. Wengi hupona miezi ya mwanzo baada ya kujifungua.

Sasa tuje kwenye sindano, maana hakuna siku inapita bila kuisikia. "Nilichomwa sindano ya mgongo nilipofanyiwa upasuaji wa kujifungua, tangu siku hiyo sijapona." Naamini maumivu yake. Siamini mshtakiwa wake. Sindano ile ni nyembamba, huingizwa chini ya mahali uti wenyewe wa neva unapoishia, na ganzi yake huisha baada ya saa chache. Pale inapochomwa panaweza kuuma siku kadhaa kama palipopigwa. Pia kuna kichwa kinachouma vibaya ukikaa na kutulia ukilala, ndani ya siku chache za mwanzo. Hicho ni kweli kinatokana nayo, kina tiba, na mama arudi hospitali mara moja. Lakini wanawake waliopewa ganzi ya mgongoni wakati wa uchungu wamefuatiliwa na kulinganishwa na waliopewa dawa nyingine za maumivu, na baada ya muda mrefu migongo yao haikutofautiana.

Kwa nini basi mgongo unauma? Hebu tuhesabu. Misuli ya tumbo imevutwa kwa miezi tisa, kisha ikapitiwa na kisu. Mtoto anaogeshwa kwenye beseni lililo sakafuni. Ananyonyeshwa mama akiwa amemwinamia, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kumleta mtoto kwenye ziwa badala ya kupeleka ziwa kwa mtoto. Usingizi hakuna. Nguo za mtoto zinafuliwa kwa kuinama. Sindano ina tarehe, kuinama hakuna tarehe. Mtu akitafuta wa kulaumu humkumbuka mwenye tarehe.

Kuna maumivu yanayofuata kalenda. Msichana wa miaka ishirini na kitu, kiuno kinamkata siku mbili tatu kabla ya hedhi, kinamlaza hedhi ikifika, kisha kinamwachia. Huyu simpi mazoezi nikamwacha aende. Huenda ni endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota mahali pengine tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka bila kutambuliwa kwa sababu shangazi, mwalimu na wakati mwingine mganga wote wamemwambia avumilie, ndivyo tulivyo. Namwomba aandike tarehe za maumivu kwa miezi mitatu, kisha aipeleke karatasi hiyo kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.

Yule wa kiganja kizima mara nyingi amepita miaka hamsini. Anatembea hatua mia mbili, miguu inakufa ganzi na kuwa mizito, anatafuta mahali pa kuchuchumaa au kuinama, dakika chache anainuka na kuendelea. Akisukuma toroli anafika mbali bila shida, na watu wa nyumbani wanaona anajidekeza. Hajidekezi. Pingili ya nne ya kiuno imeteleza mbele juu ya ya tano, jambo linalowapata wanawake mara kadhaa zaidi ya wanaume, na mfereji wa neva umebanwa. Akiinama mfereji hupanuka, akisimama wima hubanwa tena. Toroli linamwinamisha.

Bibi wa kidole cha katikati ya mgongo ndiye ninayemwogopea. Aliinua ndoo, au alikohoa tu, akasikia kama kitu kimekatika. Baada ya kukoma hedhi mifupa hupoteza uimara kwa kasi, na pingili huweza kubonyea kama kopo. Zaidi ya nusu ya mivunjiko hii haipelekwi hospitali, huitwa uzee. Namuuliza kuhusu magauni yake: je, siku hizi upindo wa mbele unaburuza? Aliyefupika sentimita nne tangu ujana anastahili picha ya eksirei, na palipo na mashine ya kupimia uzito wa mifupa, apimwe. Dawa zipo. Na hapa nina ugomvi na maduka yanayouza vidonge vya deksamethasoni kwa wasichana wanaotaka kunenepa. Dawa za jamii hiyo zikinywewa muda mrefu hula mifupa, na hao wasichana watafika umri wa bibi huyu wakiwa na akiba iliyokwisha kuliwa.

Machache hayasubiri miadi. Ganzi katikati ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli, pamoja na mkojo uliogoma au unaotoka bila kujua: hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Maumivu ya usiku yasiyotulia, homa za jioni na kupungua uzito hutufanya tufikirie kifua kikuu, ambacho hupenda pingili na huacha kibiongo. Mama aliyewahi kutibiwa saratani ya titi akianza kuumwa mgongo, asiambiwe ni uchovu.

Waliobaki, na ndio wengi, huondoka na maagizo yanayowaudhi. Wametarajia picha na mkanda. Picha huonyesha pingili zilizosagika hata kwa watu wasioumwa: katika uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015, sahani za pingili zilikuwa zimechakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote. Mkanda, kwa maumivu sugu ya kiuno, Shirika la Afya Duniani liliushauri usitumike katika mwongozo wake wa Desemba 2023. Kulala siku nzima hudhoofisha. Kutembea ndiko kunakosaidia. Jaribio la Australia lililotoka mwaka 2024 katika jarida la Lancet, washiriki wake wengi wakiwa wanawake, lilionyesha kuwa waliopangiwa kutembea walikaa takriban siku 208 kabla maumivu hayajarudi, dhidi ya 112 kwa wasiopangiwa.

Nilimweleza hayo mama mmoja anayeishi mlimani, akanitazama kwa huruma. Yeye huteka maji mara sita kwa siku. Zamani, mwaka 1986, wanasayansi waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, wakakuta wanaweza kubeba mzigo wa moja ya tano ya uzito wao, Wajaluo kichwani na Wakikuyu kwa kamba ya kwenye paji la uso, bila kutumia nguvu ya ziada. Ulimwengu ukashangaa. Ila ndoo ya lita ishirini kwa mama wa kilo sitini ni theluthi, na shingo na kiuno haviishi kwa hesabu ya nguvu tu. Nikamshauri abebe lita kumi kumi.

"Kwa hiyo niende mara kumi na mbili," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na huo muda, daktari," aliuliza akijifunga kanga yake vizuri, "utanipa wewe?"