Istilahi za Mita ya Hewa katika Injini ya Gari

Miongoni mwa maandiko ya ufundi ambayo watafsiri hutakiwa kuyaweka katika Kiswahili ni miongozo ya kurekebisha injini. Katika makala haya tunachunguza chombo kimoja cha injini za petroli za zamani, yaani kile kinachopima hewa iingiayo. Tumekichagua kwa kuwa hapa neno moja lililokosewa laweza kumfanya fundi atende kinyume cha alichoagizwa.

Chombo chenyewe

Mwaka 1973 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutoa mfumo uitwao L-Jetronic. Herufi L ni ya neno la Kijerumani Luft, maana yake hewa. Katika mfumo huu hakuna kabureta. Hewa inayovutwa na injini husukuma kilango kinachozuiwa na springi. Kilango kinapofunguka, mkono uliounganishwa nacho husugua njia ya umeme, na volteji hubadilika. Kompyuta ya gari husoma volteji hiyo pamoja na kasi ya mzunguko wa injini, kisha huamua petroli kiasi gani inyunyizwe.

Jina lake

Neno kipimahewa halifai, kwa sababu limekwisha kutumika kwa baromita, chombo cha kupima kanieneo ya hewa. Kadhalika neno mkondo lingeleta utata, maana katika maelezo haya umo pia mkondo wa umeme. Kwa hiyo tunapendekeza mita ya mtiririko wa hewa. Neno mita wananchi wamelizoea katika mita ya maji na mita ya umeme.

Chombo hiki kisiitwe kirekebisha hewa. Hakirekebishi, hupima tu; anayeongeza au kupunguza hewa ni dereva. Hapa msemo wetu wa kila siku, kanyaga mafuta, unapotosha kidogo. Kanyagio hufungua njia ya hewa, na petroli hufuata kwa kadiri ya hewa iliyopimwa. Hatudai kwamba msemo huo ufutwe, bali mtafsiri asiutumie kueleza jinsi injini ifanyavyo kazi.

Hali ya mchanganyiko

Ili petroli iungue barabara, kila sehemu 1 ya tungamo lake huhitaji takriban sehemu 14.7 za tungamo la hewa. Kusema mchanganyiko tajiri au maskini ni kufasiri neno kwa neno, na msomaji hubaki akijiuliza ni utajiri wa kitu gani. Tunapendekeza mchanganyiko uliozidi petroli na mchanganyiko uliopungukiwa petroli. Wa kwanza hupoteza mafuta na kutia masizi kwenye plagi. Wa pili huweza kuipasha injini moto kupita kiasi.

Kitenzi kukaza

Mita hii ina mahali pawili pa kurekebishia, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Pa kwanza ni skrubu ya njia ya pembeni, ipitishayo hewa kidogo bila kugusa kilango. Ukiikaza, njia hiyo hufinywa, hewa zaidi hupitia kwenye kilango, na petroli huongezeka. Pa pili ni springi, ambayo hukazwa kwa gurudumu la meno lililo chini ya kifuniko. Ukiikaza springi, kilango hufunguka kidogo zaidi kuliko awali, kompyuta huhesabu kwamba hewa ni chache, na petroli hupungua.

Basi kitenzi ni kile kile, na matokeo ni kinyume. Mtafsiri anayeandika "kaza kidogo", bila kutaja kinachokazwa, amemwacha fundi njia panda. Hapana budi kila agizo litaje kitu na matokeo yake: "kaza skrubu ya njia ya pembeni ili kuongeza petroli".

Utaratibu wa maagizo

Maagizo yafuate mpangilio wa kazi yenyewe:

1. Injini ipate joto lake la kawaida, na gari liwe mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wake una monoksidi ya kaboni, ambayo ni sumu.
2. Mipira ya hewa ikaguliwe. Hewa iingiayo kwenye ufa baada ya mita haipimwi, na hakuna skrubu itakayoponya ufa.
3. Skrubu ya njia ya pembeni irekebishwe injini ikiunguruma bila mzigo, na moshi upimwe kwa chombo. Mafundi wengi huiita hali hiyo sailensa. Lakini kwa kuwa wengine hutumia neno hilo kwa kizuia kelele cha eksozi, ni salama kuandika mwendo wa chini wa injini.
4. Springi iguswe mwisho, baada ya kutia alama jino lilipokuwa, na isogezwe jino moja moja.

Aidha, njia ya umeme iliyolika kwa kusuguliwa miaka mingi haitengenezwi kwa marekebisho haya. Kwa hiyo kurekebisha na kutengeneza yasitumiwe kama maneno ya maana moja.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Tunawaomba walimu wa ufundi wazijaribu karakanani, kwani istilahi isiyoeleweka na mwenye spana mkononi haijakamilika.